Mguu wa Pili

Mwaka 2000 jina la Sam Mitchell halikusomwa. Ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL, ilikuwa na klabu 16 wakati huo, na zote, zamu baada ya zamu, zilichagua vijana wengine. Sababu haikuwa siri: kijana ni mfupi kwa mchezo ule, na mbio hana. Akaenda kucheza daraja la chini, katika timu ya Box Hill. Mwaka uliofuata klabu ya Hawthorn ikamchukua akiwa chaguo la 36, na hata baada ya hapo aliendelea kurudishwa Box Hill, ambako mwaka 2002 alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi ile ndogo. Alipotundika viatu mwaka 2017 alikuwa amecheza mechi 329 za ligi kuu. Ubingwa alikuwa ametwaa mara nne, mara moja akiwa nahodha, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya washindi wa Medali ya Brownlow, tuzo ambayo Waaustralia humpa mchezaji bora na muungwana wa msimu.

Wengi huisimulia habari hii kama habari ya moyo: alikataliwa, akakaza roho, akafika. Sina ugomvi na moyo. Ila vijana wenye moyo waliokataliwa ni wengi, na wengi wao leo ni mafundi umeme na walimu wa shule, wanacheza Jumamosi kwenye timu za mtaani. Mitchell alikuwa na kitu cha ziada, nacho kilionekana na yeyote aliyekuwa tayari kutazama kwa muda. Ilikuwa vigumu kujua mguu wake ni upi. Alipiga kwa kulia, alipiga kwa kushoto, na mpira ulifika vilevile, kwa urefu uleule, kifuani kwa mwenzake. Kila ninaposikia watu wakibishana kama kijana fulani atadumu katika ligi ile, mimi huuliza habari za mguu wake wa pili kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Msomaji ambaye hajauona mchezo huu asiudhanie raga. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla chama cha soka cha Uingereza hakijaundwa, kwa hiyo si mtoto wa mtu. Uwanja una umbo la yai, na kwa kawaida ni uwanja wa kriketi uliohamiwa majira ya baridi. Ule mkubwa wa Melbourne una urefu wa kama mita 160. Wachezaji ni 18 kila upande. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zisizo na mwamba juu: ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili za katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1. Kurusha mpira kwa mkono ni marufuku. Unaupiga kwa mguu, au unaushika kwa mkono mmoja na kuutwanga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu na uliosafiri mita 15 au zaidi, mchezo unasimama kwa ajili yako na unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Hakuna kuotea. Maana yake ni kwamba adui hana upande: anatoka mbele, nyuma, kushoto, kulia, na ukishikwa na mpira baada ya kupata nafasi ya kuuachia, umeupoteza.

Vijana wanaingiaje? Tangu 1986 wanaingia kwa mgawo. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Novemba, klabu zinaketi na kuchagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza na bingwa akifunga foleni. Wanaochaguliwa wengi wana miaka 18. Baadhi wametoka kufanya mtihani wa mwisho wa sekondari wiki chache tu kabla. Kijana wa Perth anaweza kujikuta Sydney, upande wa pili wa bara, bila kuulizwa. Klabu sasa ni 18 na kila moja ina wachezaji arobaini na kidogo, hivyo kazi zote za aina hii duniani hazifiki elfu moja. Kila anayeingia kuna aliyefungasha virago. Mkataba wa kwanza huwa wa miaka miwili au mitatu, na mwili wa kijana wa miaka 18 bado unajengeka wakati saa inakwenda.

Kabla ya mgawo kuna upimaji, mwezi Oktoba. Mbio za mita 20. Kuruka wima. Kilomita mbili dhidi ya saa. Kukwepa vizuizi. Wanapimwa urefu, uzito, hata upana wa mikono. Siudharau upimaji huo, kwa sababu katika mchezo ambapo kiungo hukimbia kilomita 12 na zaidi kwa mechi moja, mapafu si jambo la mzaha. Lakini tazama orodha hiyo tena: karibu yote ni mambo ambayo mwanariadha yeyote mzuri angeyafaulu bila kuugusa mpira. Mitchell wa 2000 alipimwa kwa orodha ya namna hiyo, na orodha ilisema kweli. Mbio hakuwa nazo, na hakuzipata baadaye.

Sasa twende kwenye pigo lenyewe, maana humo ndimo kazi ilimo.

Tazama mikono kwanza, uache mguu. Mpira, ambao ni wa ngozi na wenye ncha mbili, umeshikwa wima, ncha moja ikielekea chini. Vidole vimetandazwa ubavuni, kamba za mshono zinatazama mbele. Mchezaji wa mguu wa kulia anapiga hatua mbili tatu; mkono wa kushoto unaachia kwanza, na kwa kitambo kidogo mpira unabaki kwenye mkono wa kulia peke yake. Mkono huo hautupi mpira. Unauongoza kushuka mbele ya paja na kuuachia karibu na usawa wa nyonga, ili safari ambayo mpira hauna mwenyewe iwe fupi iwezekanavyo. Ni katika safari hiyo fupi mambo huharibika. Upepo ukiusukuma, au kidole kimoja kikichelewa kuachia, ncha ya chini inahama kidogo tu, mguu unakutana na ubavu badala ya ncha, na mpira unaondoka ukiyumba kwenda kwa asiyehusika. Ukishuka wima, mguu ulionyooshwa na kifundo kilichokazwa unaigonga ncha kwa sehemu ya juu ya kiatu, na mpira unakwenda ukibiringika kinyumenyume, ncha juu ya ncha. Mbiringiko huo ndio unaoutuliza hewani. Mdakaji aliye mita 40 mbele anauona unakuja na anajua utatua wapi.

Waaustralia hawakuanza na pigo hili. Babu zao walikuwa na mapigo ya namna nyingi: kuudundisha mpira chini kwanza ndipo uupige, au kuuzungusha kama risasi ili uende mbali sana bila uhakika wa utakapofikia. Kufikia miaka ya 1980 pigo la kinyumenyume lilikuwa limeyasukuma hayo mengine pembeni, kwa sababu linasamehe makosa madogo na halimchoshi mdakaji. Wazee wa Melbourne bado wanalalamika kwamba uzuri umepungua. Mimi nadhani uzuri umehamia mkononi, na jukwaani ni wachache wanaotazama mikono.

Kisha badilisha mguu. Ili upige kwa kushoto, mkono unaoongoza sasa lazima uwe wa kushoto: mkono ambao maisha yote kazi yake ilikuwa kuachia mapema na kuondoka. Haujui uzito wa mpira ukiwa peke yake. Haujui nyonga iko wapi. Kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza hulaumu mguu, anaupigisha mazoezi ya nguvu, anapiga teke ukutani mpaka jioni, na mpira unaendelea kuyumba, kwa sababu mguu hauna kosa. Anayefundishwa vizuri huanzishwa na mkono: simama, shika, angusha mpira kwenye nyasi bila kupiga, uone kama unadunda na kurudi wima. Angusha tena. Mia. Kisha pigo la mita 10, kisha 15. Ukienda mazoezini utaona kundi kubwa limekwisha kuondoka na wawili watatu wamebaki kwenye kona ya uwanja, mita 20 kati yao, wakipigiana kwa mguu dhaifu bila kusemezana. Hakuna kamera inayokwenda huko. Ni kazi ya kuchosha kuitazama, sembuse kuifanya, na inadai miaka, si wiki.

Soka linaweza kumsamehe mwenye mguu mmoja. Lionel Messi ameishi na wa kushoto na hakuna aliyemdai wa kulia. Mpira wa soka uko chini na unaweza kuuzunguka. Kwa Waaustralia mpira uko mikononi mwako na mtu mwenye kilo 90 anakuja ubavuni. Mwenye mguu mmoja, akiupata mpira huku mguu wake uko upande wa adui, lazima ageuke, na kugeuka kunakula nusu sekunde. Katika ligi za vijana nusu sekunde ipo. Katika ligi kuu haipo, na mabeki wamekwisha kufundishwa: huyu ni wa kulia, msukumie kushoto. Kijana aliyetesa wenzake akiwa na miaka 17 anafika huko na kugundua kwamba nusu ya uwanja wake imefungwa. Ukimsikia mtangazaji akisema fulani "anapata shida na kasi ya mchezo", mara nyingi kasi haihusiki. Anasubiri mguu wake uje upande unaofaa.

Hapo ndipo Mitchell alipokula. Mpira ukidundishwa na mwamuzi katikati ya uwanja na warefu wakaugombea hewani, yeye alikuwa chini yao, ameinama, miguu imechanuka, mikono karibu na nyasi. Aliuokota na hakukimbia. Wakimjia kutoka kulia aliupiga kwa kushoto bila kugeuza mabega. Wakimjia kutoka kushoto, kinyume chake. Hakuwa na haja ya kumkimbia mtu kwa sababu hakuwa na haja ya kwenda popote. Ile mbio iliyokosekana Oktoba ya mwaka 2000 ilikosekana miaka yote 16 iliyofuata, na hakuna mwenzake aliyeiulizia. Sasa ni kocha wa Hawthorn.

Kazi ya kuwatafuta vijana hawa nayo ni ufundi, na mwenye ufundi huo ninayemheshimu zaidi ni Stephen Wells, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msaka vipaji mkuu wa Geelong, klabu ya mji wa bandari kusini-magharibi mwa Melbourne. Mgawo wa 1999 alimchukua Joel Corey akiwa wa 8. Hilo si ajabu. Wa 8 anatakiwa awe mzuri. Kisha akachukua wengine kadhaa, na baadhi yao hawakuota mizizi, jambo ambalo wasimulizi wa sifa hupenda kuliruka. Halafu, mgawo umekwenda mbali, chaguo la 31 akamchukua Paul Chapman, la 38 Cameron Ling, la 47 Corey Enright. Miaka minane baadaye wote wanne walikuwa uwanjani Geelong ilipotwaa ubingwa wa 2007, wa kwanza tangu 1963. Wakautwaa tena pamoja 2009 na 2011. Ling ndiye aliyekuwa nahodha mara hiyo ya mwisho.

Enright alitoka Kimba, mji mdogo wa ngano kwenye rasi ya Eyre, Australia Kusini, mahali ambapo ukiendesha gari kutoka mashariki kwenda magharibi ya bara unaambiwa hapo ndipo nusu ya njia. Hakuwa mrefu wala mwenye maguvu ya kutisha, na video zake za ujana hazingesambaa kwenye simu za watu. Alichezea ulinzi. Ukitaka kumwona vizuri lazima uache kufuata mpira na umfuate yeye peke yake robo nzima ya mchezo, jambo linalochosha jicho, lakini ndiyo njia pekee. Utamwona akisogea hatua tatu kabla mpira haujapigwa. Mara nyingine mpira hauji kabisa, na zile hatua tatu zimepotea bure. Anarudi, anazipiga tena. Mechi 332. Katika timu ya wachezaji bora wa Australia nzima alichaguliwa mara sita, mara ya mwisho ikiwa 2016, mwaka aliostaafu. Sijui ni kifaa gani cha Oktoba kingeweza kupima hatua tatu za bure.

Upande wa pili wa orodha ni wale wa namba moja. Wapo waliotimiza: mgawo wa 2001 ulianza na Luke Hodge, na wa tatu alikuwa Chris Judd aliyepata Brownlow mbili. Kumbuka kwamba ni katika mgawo huohuo Mitchell alikuwa wa 36, kwa hiyo hatuwezi kusema wasaka vipaji ni vipofu. Wanaona mengi. Tatizo ni namba yenyewe, ambayo hubandikwa mgongoni mwa mtoto na haibanduki. Jack Watts alikuwa namba moja wa 2008. Melbourne, klabu kongwe iliyokuwa taabani, ilimtia uwanjani kwa mara ya kwanza Juni 2009 mbele ya umati wa sikukuu, dhidi ya Collingwood, naye bado ni mwanafunzi wa sekondari. Alipoupata mpira wa kwanza walimrukia watatu. Picha hiyo ilimfuata mpaka mwisho. Alikuwa na mguu mtamu, mmoja wa mitamu niliyoiona, na alicheza mechi 174 kwa klabu mbili. Kwa chaguo la 40 hiyo ingekuwa kazi njema ya kujivunia. Kwa namba moja iliitwa hasara, na aliyeiita hivyo hakuwa ameangalia pasi hata moja.

Namba moja wa 2013, Tom Boyd, ni mgumu zaidi kumpima. Alicheza mechi 61 tu na kuacha akiwa na miaka 23, akisema wazi kwamba afya ya akili na mchezo ule vilikuwa haviendi pamoja. Lakini mojawapo ya hizo 61 ni fainali ya 2016, ambapo alifunga magoli matatu, moja kutoka mbali ajabu, na Western Bulldogs wakapata ubingwa ambao hawakuuona tangu 1954. Nenda Footscray, nyumbani kwao, ukawaulize watu kama Boyd alifaulu au hakufaulu, uone watakavyokutazama. Na namba moja wa mwaka uliofuata, Paddy McCartin, hana funzo lolote la ufundi la kutoa. Aligongwa kichwa mara nyingi mno. Alirudi, akacheza vizuri Sydney kama beki, akagongwa tena, akaacha 2023. Mguu wa pili haumsaidii mtu aliyepigwa kichwani, na ninachukia makala zinazojifanya kila kitu kina sababu.

Rudi kidogo kwenye mgawo huo wa 2013, maana usiku uleule Boyd alipoitwa wa kwanza, Sydney walimwita wa 44 kijana aliyezaliwa Kakuma.

Ndiyo, Kakuma ya Turkana, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992. Aliir Aliir alizaliwa huko mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini ya leo. Familia ilihamia Australia akiwa mtoto, na mpira huu wa ncha mbili aliukuta akiwa tayari kijana, katika umri ambao wenzake waliokulia Melbourne wameshaupiga miaka kumi. Alikuwa mrefu, karibu mita 1.95, na mwenye miguu ya kuruka. Hiyo ndiyo ilimpa namba 44. Lakini misimu ya 2014 na 2015 yote hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Aliingia 2016, akatoka, akaingia, akapelekwa huku na huku, na mwisho wa 2020 Sydney wakamwachia aende Port Adelaide. Msimu wake wa kwanza huko, 2021, alichaguliwa katika timu ya wachezaji bora wa Australia nzima.

Mechi zao za usiku huku kwetu Afrika Mashariki huangukia saa sita na nusu mchana, saa ya watu kutafuta chakula, na mwenye intaneti ya kutosha anaweza kumtazama. Namshauri amtazame yeye tu. Kazi yake ni kumwacha mtu wake. Katika ulinzi wa kawaida unamganda mshambuliaji wako. Aliir humwacha na kwenda kuudaka mpira uliokusudiwa kwa mtu mwingine kabisa, na akikosea hesabu, goli. Anajuaje utatua wapi? Tazama macho yake wakati mpinzani yuko mita 50 mbele anajiandaa kupiga. Hatazami uso, wala mguu. Anatazama mpira unavyoachiwa mkononi. Mpigaji akiwa ameshikwa bega, mkono unachelewa, ncha inalala, na pigo litapungukiwa. Aliir ameshaanza kusogea mbele wakati mshambuliaji bado anakimbia kuelekea golini. Kwa hiyo mkono ule ule, ambao vijana wengi hawaufundishi, kuna mtu upande wa pili wa uwanja anayeishi kwa kuusoma. Yeye aliuanza mchezo akiwa amechelewa, na ninahisi kuchelewa kulimsaidia: hakuwa na mazoea ya kufuata mpira kama mtoto, ikabidi ajifunze kuuangalia unapotoka. Amepita mechi 150 za ligi kuu. Boyd aliacha 2019. Wote wawili ni wa usiku mmoja.

Waliochelewa wana historia ndefu kule. Jim Stynes alichukuliwa na klabu ya Melbourne huko Dublin mwaka 1984 akiwa na miaka 18, kutoka mpira wa Kiayalandi unaochezwa kwa mpira wa duara. Mwaka 1987, katika mechi ya kuwania kuingia fainali, alikatiza mbele ya mpigaji wa Hawthorn mahali ambapo kanuni inakataza. Mwamuzi akamsogeza mpigaji mita 15 karibu na goli, kipenga cha mwisho kikiwa kimelia, goli likafungwa, na Melbourne wakatolewa kwa pointi mbili. Mchezaji aliyelelewa na mpira ule tangu utotoni asingekatiza pale. Miguu yake ingekataa. Ilibidi Stynes aifundishe yake ukubwani. Miaka minne baadaye alipata Brownlow, na akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyosimama kwa miaka mingi. Marlion Pickett wa Richmond naye alicheza mechi yake ya kwanza kabisa akiwa na miaka 27, nayo ikawa fainali ya 2019, na wakashinda.

Lazima nimtaje Matt Rowell, kwa sababu anaharibu hoja yangu. Namba moja wa 2019, akaenda Gold Coast. Mwaka 2020, kwenye mechi zake za mwanzo, waamuzi walimpa kura za juu kabisa mara tatu mfululizo, halafu bega likatoka. Kisha ikaja misimu ambayo watu walisema pigo lake halina uzuri, na walisema kweli. Alichofanya Rowell ni kutolishughulikia sana pigo. Alishughulikia kushika watu. Anavyomkaba mtu ni kitu cha kutazama kwa utulivu: kichwa kando, bega kwenye mbavu, mkono mmoja unafunga mkono wa adui wenye mpira ili asiweze hata kuutwanga kwa ngumi. Anafanya hivyo mara nyingi kwa mechi, na mpira unaodondoka anauokota mwenyewe. Mwaka 2025 Brownlow ikawa yake. Sirudi nyuma kuhusu mguu wa pili. Nasema tu kwamba huyu alipata mlango mwingine, na mlango huo nao hufunguliwa mahali pasipo na kamera.

Mwaka 2028 ligi itapokea klabu ya 19, ya Tasmania, kisiwa ambacho kimetoa wachezaji wakubwa kwa zaidi ya karne bila kuwa na timu yake kwenye ligi kuu. Klabu mpya inahitaji kikosi kizima, na sehemu kubwa itatoka kwa vijana ambao sasa wako shuleni, Hobart, Launceston na vijiji vya pwani ya kaskazini ambako mvua na upepo ni vya kila wiki. Upepo ule ni mwalimu mkali wa mkono. Mpira ulioachiwa juu kidogo unachukuliwa kabla mguu haujafika, kwa hiyo watoto wa huko hujifunza mapema kuuachia chini. Wasaka vipaji wa klabu zote 19 watakuwa wamesimama kando ya viwanja hivyo wakiwa na koti la mvua na daftari. Wengi wataandika mbio na urefu, kama kawaida. Mimi ningesimama nyuma ya goli wakati wa kupasha misuli, kabla mechi haijaanza na kabla kijana hajajua anatazamwa, nikaandika mkono upi umeshika mpira.